Msimu wa Hoteli Malindi: Namna Heshima Kazini Inavyojengwa na Inavyobomoka

Hoteli nyingi za Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, huenda na pepo za kusi na kaskazi. Wageni huanza kuingia Julai, kusi ingali ikivuma, hujaa Agosti, hupungua kidogo, kisha hurudi kwa wingi Disemba kaskazi ikishashika, na kuendelea hadi Machi. Masika yakianguka, Aprili na Mei, vyumba hufungwa, viti vya ufuoni huingizwa stoo, na wafanyakazi hurudi Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo, au mashambani kule Ganda na Kakuyuni.

Mwendo huo una ukatili wake, kwa kuwa hoteli haipati muda wa kujirekebisha. Ukimpoteza mpishi hodari wiki moja kabla ya Krismasi, hutampata wa kiwango chake kabla ya mwaka mpya, maana hodari wote wako kazini kwa wenzako. Na watu hawaondoki kwa sababu ya mshahara peke yake. Huondoka kwa kufokewa mbele ya wageni, kwa ofu, yaani siku ya mapumziko, iliyofutwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa kukatwa pesa za gilasi ambayo hawakuivunja.

Tuandikao haya tumezipitia kazi za hoteli jikoni, mapokezini na katika ofisi ya wafanyakazi, na tunamwandikia yule aliyekabidhiwa hoteli ndogo ya watu 20 au 30 akaambiwa aiendeshe. Tunalotaka kusema ni kwamba utamaduni mwema wa kazi hauletwi na hotuba wala bango la ukutani. Unakaa katika vitu vya kushikika: mkataba, rota (ratiba ya zamu), sahani ya mfanyakazi, kitabu cha zamu, na lile linalotendeka siku kitu kinapoharibika. Tutafuata mwaka wa msimu ulivyo, na kwa hesabu tutachukua hoteli ya wafanyakazi 24.

Juni, kabla lango halijafunguliwa

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya mgeni yeyote kufika. Meneja ana haraka, rangi haijakauka, bomba la chumba cha tatu linavuja, na watu wanaambiwa, "Anzeni kazi, tutaandikiana baadaye." Hiyo baadaye haifiki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Na kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinamtoa katika ukibarua, ajira yake ihesabiwe ya mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Kumwita mtu kibarua kwa miezi minane hakumfanyi awe kibarua.

Sheria tuiweke kando kidogo tutazame moyo wa mtu. Asiye na karatasi huishi mguu mmoja nje. Hawezi kukopa kwenye chama, hawezi kumwambia mwenye nyumba kodi itakuja lini, na jirani akimwahidi kazi, hata ya pesa zilezile, ataondoka bila kuaga kwa sababu hata wewe hukumfunga kwa lolote. Andika basi cheo chake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mshahara, posho ya nyumba kama humpi malazi, saa za kazi, siku ya mapumziko, likizo, na muda wa majaribio. Majaribio yasizidi miezi 6, na wakati huo notisi ya siku 7 inatosha kwa pande zote mbili. Usomeni mkataba pamoja kwa Kiswahili, hata kama umeandikwa Kiingereza, kisha mwachie alale nao usiku mmoja. Ukiona mtu ametia sahihi bila kuuliza swali hata moja, jua hakuelewa, au amekuogopa.

Kisha kuna wiki ya mafunzo, na hapa tuseme gharama bila kuficha. Siku 5 kwa watu 24 ni ujira wa siku 120, unaolipwa kabla mgeni hajatoa hata shilingi. Wenye hoteli wengi hushtuka, wakaipunguza iwe nusu siku, au wakaomba watu waje bure "kujizoesha". Kumfanyisha mtu kazi bure wiki ya kwanza ni kumfundisha mapema kwamba saa zake hazina thamani kwako. Heri siku 3 zilizolipwa kuliko 5 za bure.

Siku hizo zitumike kuwapitisha watu katika kazi za wenzao. Mtu wa mapokezi ashinde asubuhi moja kwa dobi, aone shuka ngapi hufuliwa na muda gani hukauka wakati wa unyevu. Mhudumu wa meza asimame jikoni saa ya chakula cha mchana. Wasafishaji wa vyumba waonyeshwe dawa zao moja baada ya nyingine, chupa zenye majina yanayosomeka, na waambiwe sababu ya kila katazo. Dawa ya klorini ya kung'arishia ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha gesi hiyo inaweza kuua. Anayeogopa kuonekana mjinga hataulizia chupa isiyo na jina, ataimimina.

Jambo jingine la Juni ni lugha. Katika hoteli za Malindi mwenye mali huenda akasema Kiitaliano, meneja Kiingereza, na wafanyakazi Kiswahili na Kigiriama. Amri ikipita katika vinywa vitatu hufika imechakaa, na anayelaumiwa ni wa mwisho. Maagizo ya kudumu, kama nyuzi za joto la friji, hatua za kuzima gesi na namba za kupiga usiku, yaandikwe kwa Kiswahili rahisi yabandikwe mahali kazi inapofanyikia, yasifungiwe kwenye faili ofisini.

Julai na Agosti: rota, sahani na usafiri

Ukitaka kujua hoteli inawaonaje watu wake, omba uonyeshwe rota. Rota nzuri hutundikwa wiki mbili kabla, ina jina la kila mtu, zamu yake na ofu yake, na haibadilishwi kwa kalamu ya mtu mmoja. Wawili wakitaka kubadilishana zamu, watie sahihi wote wawili, na msimamizi atie yake. Sheria inampa kila mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Meneja akiona hana budi kuigusa ofu ya mtu, amwombe, amtajie siku atakayorudishiwa, na aiandike papo hapo. Ofu iliyofutwa kwa ujumbe wa Wotsap saa nne usiku hukumbukwa msimu mzima.

Zamu ya kukatika ndiyo mwiba wa kazi hii. Mhudumu huingia saa 12 asubuhi kwa kifungua kinywa, hutoka saa 4, hurudi saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Kwenye karatasi amefanya kazi saa 8. Kwa kweli siku yake imeanza saa 11 alfajiri, imekwisha saa 5 usiku, na nauli amelipa mara nne. Kama zamu hiyo haiepukiki, isimwangukie mtu yuleyule kila siku. Izungushwe, mtu asiipate zaidi ya siku 3 kwa wiki, na pawe na chumba cha kupumzikia chenye feni, mikeka, maji ya kunywa na msalani, wanaume mbali na wanawake mbali. Chumba hicho kinagharimu kidogo kuliko kumfunza mhudumu mpya katikati ya Agosti.

Ijumaa ipangwe mapema. Sala huangukia saa za kuandaa chakula cha mchana, na meneja asiyepanga hujikuta amebaki na meza tupu, au amewazuia watu wasiende msikitini. Dawa yake ni ya kale na rahisi: Wakristo hushika mchana wa Ijumaa, Waislamu hushika asubuhi ya Jumapili, na jambo hilo linaandikwa kwenye rota kama kitu cha haki, lisiombwe kila wiki kama fadhila.

Sasa sahani. Kuna hoteli ambamo wageni wanakula kamba na kaa, na nyuma ya jiko wafanyakazi wanapewa uji wa maharage uliochacha. Hakuna hotuba itakayoshinda harufu hiyo. Hesabu si kubwa: pakiti ya unga ya kilo 2 hushibisha watu wazima 8 hivi, kwa hiyo watu 24 ni pakiti 3 kwa mlo, maharage makavu gramu 100 kwa mtu ni kilo 2 na nusu hivi, ongeza mchicha, nazi, na samaki mara mbili au tatu kwa wiki. Atajwe mpishi mmoja kwa zamu kuwa ndiye wa chakula cha wafanyakazi, saa ya kula iwe moja isiyoguswa, na meneja ale chakula hichohicho, mezani pamoja na wengine, angalau mara moja kwa wiki. Akila ndipo kitakapoboreka.

Usafiri wa usiku hausemwi sana mpaka litokee balaa. Anayetoka kazini saa 5 usiku kwenda Muyeye au Maweni anapita njia zisizo na taa. Fungeni mapatano na dereva mmoja wa tuktuk au wawili, walipwe na hoteli kwa wiki, wapeleke watu hadi mlangoni, wanawake kwanza. Andikeni kila usiku nani amepanda na ameshuka wapi. Gharama hii iingie katika hesabu za Juni, maana ikiachwa hadi Agosti itaonekana mzigo.

Baraza la dakika kumi, na kitabu cha zamu

Kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, watu wote wa zamu wasimame pamoja kwa dakika 10. Maswali ni matatu: leo wageni wangapi wanaingia na wangapi wanatoka, nini kimeharibika, nani anahitaji msaada. Waanze kusema wadogo: wa bustani, wa dobi, mwanafunzi wa mapokezi. Meneja aseme mwisho. Akianza yeye, wengine watamwitikia tu. Na baraza lisigeuzwe mahali pa kumkaripia mtu. Ukikaripia mara moja pale, kesho yake utaambiwa kila kitu kiko sawa, na keshokutwa vilevile, hadi tangi la maji likauke na vyumba vimejaa.

Pwani tuna adabu zetu na hazikomei langoni mwa hoteli. Meneja wa miaka 28 anaweza kuwa na mpishi wa miaka 60. Cheo ni cha kijana, lakini shikamoo ni ya mzee, na kijana asiyeitoa amekwisha kupoteza jiko hata kama bado wanampikia. Kosa la mzee lisemwe faraghani: "Mzee, naomba tuzungumze kidogo kuhusu supu ya jana." Atalirekebisha siku hiyohiyo. Akiambiwa mbele ya vijana aliowafundisha kushika kisu, mtakuwa mmevunja kitu ambacho bonasi haikirudishi.

Kukabidhiana zamu kunahitaji dakika 15 za kuonana uso kwa uso, nazo zilipwe. Kitabu cha zamu kiwe na nafasi za mambo haya: vyumba vyenye hitilafu, mgeni mgonjwa, mgeni mwenye mzio na ni wa kitu gani, funguo, pesa taslimu, na ahadi iliyotolewa kwa mgeni lakini haijatimizwa. Anayetoka anatia sahihi, anayeingia anatia sahihi. Ugomvi mwingi kati ya zamu ya mchana na ya usiku ni ahadi ambazo hazikuandikwa. Mgeni ameambiwa boti ya kwenda kwenye matumbawe itaondoka saa 2, aliyemwambia amekwenda nyumbani, na wa asubuhi anaonekana mwongo.

Pesa za wote ziwekwe mezani

Bakshishi na ada ya huduma vimevunja urafiki mwingi. Mhudumu wa meza humwona mgeni akitabasamu na kutoa noti. Dobi, mwosha vyombo na mtu wa bustani hawamwoni kabisa, ilhali tabasamu hilo wamelitengeneza wao pia.

Sanduku la bakshishi liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mhasibu na wa pili kwa mwakilishi aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Lifunguliwe kila Jumamosi mbele ya watu watatu, na kiasi kiandikwe ukutani siku hiyohiyo. Kwa mgawo, njia iliyo nyepesi kueleweka ni pointi 1 kwa kila siku mtu aliyofanya kazi. Watu 24 wakifanya kazi siku 26 kila mmoja, pointi zote ni 624. Kama kuna shilingi 156,000 za kugawa, kila pointi ni shilingi 250, na aliyemaliza mwezi anapata 6,500. Mwenzao akikosa siku 6, pointi zote zinakuwa 618, kila pointi inapanda kidogo kufikia shilingi 252, na yeye mwenye pointi 20 anapata 5,040 na ushei. Kila mtu anaweza kuipiga hesabu hii kwenye simu yake, na hapo ndipo penye faida yake. Mgawo wa vyeo na asilimia unaoeleweka na mhasibu peke yake huzaa uvumi, hata ukiwa wa haki. Maoni yetu ni kwamba meneja asiingie katika mgawo wa bakshishi kabisa. Mshahara wake umezingatia wadhifa wake.

Karatasi ya mshahara itolewe kila mwezi ikionyesha kila kilichokatwa. Bima ya afya ya SHA ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri, na kuna mchango wa NSSF, akiba ya uzeeni. Michango ya SHA ipelekwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hakuna jambo linalomuumiza mtu kama kufika hospitali na mtoto ana homa kali, akaambiwa michango yake haikuingia, na karatasi ya mshahara mfukoni inaonyesha alikatwa. Hayo yakitokea hata mara moja tu, mwajiri asishangae watu wakianza kuhesabu kila senti mbele yake.

Disemba: siku kitu kinapoharibika

Hapa ndipo tutakapokaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo hoteli nzuri na mbaya zinapoachana.

Chukua usiku mmoja wa Disemba. Stima imekatika saa 7 usiku na jenereta haikushika hadi saa 10. Ndani ya friji kubwa kuna kilo 30 za jodari wa sherehe ya kesho. Mlinzi aliona taa zimezimika, lakini safari iliyopita alimwamsha meneja akatukanwa. Mpishi wa asubuhi anagusa samaki, anamwona hakupoa vizuri, lakini harufu haina neno, na anajua mwezi uliopita mwenzake alikatwa mshahara kwa nyama iliyoharibika. Ananyamaza. Samaki wa jamii ya jodari na nguru akikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya protini yake kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kupikwa wala kwa kugandishwa. Mgeni anakula, na mara nyingi saa moja haipiti kabla uso haujamwiva wekundu, kichwa kikamgonga, moyo ukamwenda mbio. Wageni kumi wako kitandani, na hakuna aliyefanya uovu. Watu wawili waliogopa, basi.

Kwa hiyo hofu ni hitilafu ya mitambo, sawa na friji mbovu, na itengenezwe kwa uzito uleule.

Pa kuanzia ni makato. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Upungufu wa pesa, kwa uzembe au kukosa uaminifu, unakatwa kwa yule ambaye mkataba wake umesema wazi amekabidhiwa pesa. Na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Ile desturi ya "gilasi imevunjika, zamu nzima mkatwe" haina mahali katika kifungu hicho, na hata ingekuwa nayo, ni desturi mbaya. Inawafundisha watu kuzika vigae kwenye pipa na kuapa hawajui.

Mwanzo wa msimu tengeni fungu la uharibifu: gilasi, sahani, taulo na chakula. Kisha kila kinachovunjika kiandikwe, na mwisho wa mwezi itazamwe orodha. Mara nyingi sababu inajitokeza yenyewe: trei zisizo na mpira, rafu iliyo juu ya mabega ya mwosha vyombo, sakafu inayoloa kati ya jiko na baa, kreti inayobebwa na mmoja ilhali ni ya wawili. Mpira wa trei unanunulika dukani mjini. Ungemkata mtu pesa, gilasi zingeendelea kuvunjika palepale.

Kitabu cha makosa kiwe na mistari minne tu: nini kilitokea, saa ngapi, kilifanyiwa nini papo hapo, nini kibadilishwe. Jina si lazima. Meneja ajibu kwa maandishi katika kitabu hichohicho kabla saa 24 hazijapita, hata kama jibu ni kwamba fundi wa jenereta anakuja Alhamisi. Kitabu kisichojibiwa hufa kwa wiki mbili. Na anapoletewa habari mbaya, maneno yake ya kwanza yawe haya au ya namna hii: "Ahsante kwa kuniambia. Tufanye nini kwanza?" Sauti ikipanda, hasara ya pili imeshaanza. Jodari wale wa usiku ule watupwe, wapishi waambiwe wazi kwamba kuwatupa ni uamuzi sahihi, na friji iwekewe kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa mara tatu kwa siku, isizidi nyuzi 4 za Selsiasi.

Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza timu za wauguzi katika hospitali za Marekani. Alitarajia timu zinazoelewana vizuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta kwamba ndizo zilizokuwa zikiripoti makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo kitabu cha makosa kikijaa Julai, usikasirike. Uwe na wasiwasi kikiwa kitupu.

Hili halimaanishi kulea wizi, ulevi kazini au mkono wa kupiga. Kwa hayo iko njia yake, na njia yenyewe ni sehemu ya heshima. Kifungu cha 41 kinataka mtu aelezwe kosa analodaiwa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua yeye, na maelezo yake yasikilizwe kabla ya kumwachisha kazi. Waajiri wengi wa Malindi huiruka hatua hii kwa hasira za siku moja, kisha hulipia kwa miezi katika Mahakama ya Ajira, ambayo ina kituo hapahapa mjini. Barua iandikwe asubuhi ya pili, isiandikwe usiku wa kosa.

Liko na lile ambalo wengi hulipita kimya. Msafishaji wa vyumba huingia peke yake katika chumba cha mgeni, na si kila mgeni ni muungwana. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa na kifungu cha 6 awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi. Hata ukiwa na watu 8, iandike. Watajwe watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke, na angalau mmoja asiwe msimamizi wa mlalamikaji. Vyumba visafishwe wawili wawili, mlango wazi, toroli likiwa mlangoni. Mgeni akileta utovu, chumba chake kihudumiwe na mwanamume kuanzia saa hiyo, meneja mwenyewe aende akamwambie, na akirudia aondoke. Kumwambia dada wa watu "vumilia, ameshalipia wiki mbili" ni kumuuza.

Februari na Machi

Miaka hii Ramadhani imeingia ndani ya kaskazi, wageni wakiwa wengi. Magharibi ya Malindi miezi hiyo huadhiniwa baada ya saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo chakula cha wageni kisogezwe hadi saa 1 na nusu, ili wafungaji wapate tende, maji, uji na dakika zao za kusali. Mpishi aliyefunga hawezi kuonja. Awekwe mwonjaji asiyefunga kwa kila zamu, jina lake liandikwe kwenye rota. Kazi nzito za jua, kama kuchimba bustani na kubeba magodoro, zifanywe kabla ya saa 4 asubuhi.

Na misiba. Sheria haikutenga siku za msiba, lakini kwa Wamijikenda matanga si jambo la nusu siku, na kwa Waswahili maziko hayangoji. Wekeni kanuni moja ya wote, kwa mfano siku 3 za malipo kwa mzazi, mke au mume na mtoto, iandikwe katika mkataba. Bila kanuni, anayependwa na meneja hupewa wiki, na asiyependwa hupewa nauli na pole.

Aprili: kufunga kwa wema

Hoteli hukumbukwa kwa jinsi ilivyofunga. Mkataba wa msimu wenye tarehe ya mwisho humalizika tarehe hiyo, lakini stahili zake hazimaliziki nao. Asiyetimiza mwaka anahesabiwa likizo si chini ya siku 1 na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Miezi 9 ni siku 15 na robo tatu, zilipwe kama hakuzichukua. Wa kudumu ana siku 21 za kazi kwa mwaka, na Mei ni mwezi mzuri wa kuzitoa. Likizo bila malipo isitangazwe kwenye ubao. Iwe makubaliano ya maandishi na kila mtu. Na kama kweli nafasi inafutwa, kifungu cha 40 kinataka notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, ambacho kwa kazi za hoteli mara nyingi ni KUDHEIHA, au kwa mfanyakazi mwenyewe asiye mwanachama, pamoja na ofisa wa kazi, na malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Kabla watu hawajatawanyika, kaeni na kila mmoja nusu saa. Maswali mawili yanatosha: nini kilikuchosha msimu huu, na nani alikusaidia bila kuombwa. Majibu ya swali la pili huonyesha viongozi ambao hawana cheo, mara nyingi ni dobi au mlinzi wa usiku. Kila mtu apewe cheti cha kazi, ambacho ni haki yake kisheria, chenye tarehe na cheo chake sahihi, bila kungoja aje kukidai.

Simu za kuwarejesha zipigwe mapema Juni, wiki tatu au nne kabla ya kufungua, apigiwe kwanza yule aliyekaa misimu mingi. Aambiwe tarehe ya kuripoti, mshahara wa mwaka huu, na kama nauli ya kuja kutia sahihi italipwa. Ambaye hataitwa naye apigiwe wiki hiyohiyo, aambiwe kwa mdomo wa meneja mwenyewe, ili apate kubisha kwingine kabla nafasi za Casuarina na Watamu hazijajaa.